Nimefika Lenana mara mbili: je, naweza kuijaribu Batian mwezi wa Agosti?

Mtembezi wa Sirimon anauliza:

Wapenzi wa milima, nawasalimu nyote. Nimefika kilele cha Lenana katika Mlima Kenya mara mbili, mara ya kwanza kwa njia ya Sirimon na mara ya pili kwa Chogoria, na safari zote mbili nilirudi salama, ingawa katika ile ya kwanza kichwa kilinigonga usiku kucha tulipolala Shipton's Camp. Safari ya pili tulifika juu jua likichomoza. Wenzangu walipokuwa wakipiga picha, mimi niligeuka upande wa pili nikaviona vilele vya Nelion na Batian vimesimama mbele yangu, kuta zake nyeusi zikianza kushika rangi ya shaba, nikahisi kwamba Mlima Kenya sijaupanda bado, bali nimeuchungulia tu. Tangu siku hiyo sijatulia.

Lenana ina kimo cha mita 4,985 na Batian ina mita 5,199, yaani zimepishana kwa mita 214 tu. Mtu mmoja anayepanga safari za mlimani ameniambia kwamba kwa kuwa nina pumzi nzuri na miguu imara, ninaweza kwenda mwezi wa Agosti nitakapokuwa likizoni: tulale kibanda cha Austrian Hut, tupande Nelion alfajiri, tuvuke hadi Batian, na jioni turudi kulala pale pale. Anasema kiongozi atatangulia na kamba, nami kazi yangu itakuwa kumfuata. Ukweli ni kwamba kamba nimeifunga siku moja tu maishani, tena kwenye ukuta wa mazoezi ulio ndani ya jengo.

Naomba waliowahi kufika huko wanieleze bila kunificha: je, Agosti inafaa? Mtu anapaswa kujua nini kabla ya kuugusa mwamba ule? Na hatari yenyewe hasa iko wapi?

---

Mkweaji wa Teleki anajibu:

Ndugu Mtembezi, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kulipa. Nimepanda Nelion mara kadhaa na Batian mara chache zaidi, na nimewahi pia kurudi chini bila kufika popote.

Hizo mita 214 ndizo zinazowapotosha wengi. Lenana unaifikia kwa kutembea, hata kama ni matembezi magumu. Batian huifikii kwa kuendelea kutembea kutoka hapo ulipoishia. Kati yako nayo kuna bonde lenye mabaki ya barafu ya Lewis, kisha ukuta wa mwamba wa Nelion wenye mita 400 hivi, kisha mwanya wenye barafu unaoitwa Lango la Ukungu, na ng'ambo ya mwanya huo ndipo Batian ilipo. Nelion yenyewe ina mita 5,188, kwa hiyo ukiwa juu yake umebakiza mita 11 tu za kimo, lakini mita hizo huzipati mpaka uteremke ndani ya lango, ulivuke, kisha ukwee tena upande wa pili. Halafu unaporudi unairudia kazi hiyo yote, mwili ukiwa tayari umechoka. Watu wengi wenye uzoefu hufika Nelion, wakatazama saa, wakaishia hapo.

Kuhusu mwezi, hapo naona hitilafu ambayo mtu anayejua mlima huu asingeifanya. Vilele hivi viko kilomita 17 hivi kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo majira yake hayafanani na ya milima mingine mingi. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kuta za kaskazini hukauka huku zile za kusini zikibaki kivulini na kushika theluji na barafu. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi hali hugeuka: ukuta wa kusini-mashariki wa Nelion, ambao ndio njia ya kawaida kutoka Austrian Hut, hupata jua la asubuhi na mwamba wake huwa mkavu. Aliyekuambia uende Nelion mwezi wa Agosti anakupeleka kwenye ukuta ulio baridi wakati ukuta mkavu uko upande wa pili wa mlima. Kuna wakweaji hodari wanaofanya hivyo kwa makusudi na kwa vifaa vya barafu, lakini wewe usiwe mmoja wao katika safari yako ya kwanza.

Napenda kuwakumbusha wageni wa mlima huu historia yake, kwa maana inaonyesha ulivyo. Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian tarehe 13 Septemba 1899 akiwa na waongozaji wawili wa milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, na ili wafike ilibidi wavuke barafu ngumu mno kwa kukata vidato kimoja baada ya kingine. Barafu hiyo Mackinder akaiita Almasi kwa ugumu wake. Baada yao ilipita miaka 30 kabla ya mtu mwingine kufika, hadi Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipopanda Nelion na Batian mwaka 1929. Majina ya vilele vyote vitatu yanatokana na viongozi wa Wamaasai: Mbatian aliyekuwa laiboni (kiongozi wa kiroho) mkuu, Nelieng nduguye, na Lenana mwanawe. Mimi kila ninapofunga kamba chini ya ukuta ule hukumbuka kwamba tunawakanyaga wazee wa watu, nami huona vibaya kuwaendea bila maandalizi.

Sasa hatari. Wengi hudhani hatari kubwa ni kuanguka wakati wa kupanda. Kwa mtu aliyefungwa kamba na kiongozi mzuri, kupanda ndiyo sehemu ambayo macho yote yako kazini. Kushuka ni jambo jingine. Kutoka Nelion unateremka kwa kamba kituo baada ya kituo, mara nyingi sana, na katika kila kituo uzito wako wote unautundika kwenye nanga iliyo ukutani, yaani pale kamba inapofungiwa mwambani, na kwenye mafundo uliyoyafunga wewe mwenyewe. Kiongozi hawezi kuteremka kwa niaba yako. Fundo la kuzuia mwishoni mwa kamba ukilisahau mara moja tu, ukungu ukaficha mwisho wa kamba, utateleza hadi kamba ikwishe mikononi mwako. Ndiyo maana neno "kufuata tu" halinipendezi hata kidogo.

---

Binti wa Nanyuki anajibu:

Kaka Mtembezi, mimi nitakueleza yaliyonikuta, kwa kuwa nilianza mahali pale pale ulipo sasa.

Nilikwenda Nelion mwezi wa Januari, yaani msimu ulikuwa sahihi, lakini mwenyewe sikuwa tayari. Tuliondoka Austrian Hut saa kumi na nusu alfajiri tukiwa watatu kwenye kamba: kiongozi, mwenzangu mmoja na mimi. Mazoezi yangu yote yalikuwa ya kukimbia na kupanda ngazi, na mapafu hayakuniangusha hata mara moja. Kilichoniangusha ni mikono. Katika kila kituo ilibidi nifungue pete moja ya chuma, nifunge nyingine, nipange kamba isijisokote, kisha nimpe kiongozi ishara. Mtu aliyezoea hufanya hayo kwa dakika moja au mbili. Mimi nilitumia kumi, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu zilizolowa, na kila nilipozivua mwamba uliniunguza kwa baridi. Sehemu nyingine mwamba ulikuwa umevaa utando wa barafu mwembamba kama kioo, usioonekana mpaka mguu ukuteleze. Ukizidisha dakika hizo kwa vituo vyote vya njia ile, utaona nilivyokula asubuhi ya watu watatu.

Saa sita mchana ukungu ulipanda kutoka bondeni ukatufunika, jambo ambalo kwenye mlima huu ni la kawaida kabisa. Tulikuwa bado chini ya sehemu ngumu ya mwisho. Kiongozi alitazama juu, akatazama saa yake, akasema tunarudi. Nilinuna, nakiri, nilikuwa nimegharimika na kilele nilikiona kiko karibu. Katika kituo cha tatu cha kushuka tulipoivuta kamba haikuja. Ilikuwa imenasa kwenye ufa mahali fulani juu yetu, katika ukungu. Kiongozi alilazimika kukwea tena kuifuata, nasi tulibaki tumening'inia kwenye nanga moja, tukisikia mawe yakipita kwa mvumo bila kuyaona. Jambo hilo peke yake lilitugharimu zaidi ya saa moja. Tulifika chini ya ukuta saa mbili usiku, na taa ya kichwani niliyokodishiwa na waliotupangia safari ilikuwa na betri kuukuu iliyozimika njiani, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyenimulikia hatua hadi kibandani. Tangu siku hiyo taa nabeba yangu mwenyewe, pamoja na betri za akiba ndani ya koti zisipoe.

Baada ya hapo nilijifunza upya. Nilikwenda kwenye miamba ya mazoezi ya Lukenya karibu kila mwisho wa juma kwa muda wa miezi kadhaa, na mara chache Hell's Gate, si kwa ajili ya kukwea njia ngumu, bali kurudia mambo madogo yale yale: kumshikia mwenzangu kamba bila kuiachia, kufunga nanga, kuteremka, kuivuta kamba, kuikunja. Mwaka uliofuata nilirudi Januari, nikafika Nelion kabla ya saa tano asubuhi. Nguvu zangu hazikuwa zimeongezeka, ila vituo havikunila muda tena.

---

Tabibu wa Milimani anajibu:

Naomba niongezee upande wa afya, kwa sababu naona muuliza swali ametaja maumivu ya kichwa kana kwamba ni jambo la kupita.

Hewa ya mita 5,000 ina shinikizo linalokaribia nusu ya lile la usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni karibu nusu ya ile ya Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku, wala hauhongeki kwa mazoezi ya kukimbia. Vijana wenye nguvu ndio mara nyingi huugua kwa kuwa hupanda upesi mno. Kanuni inayokubalika na wataalamu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda. Sasa tazama ratiba nyingi za Sirimon: usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300, usiku wa pili Shipton's Camp, mita 4,200. Hizo ni mita 900 kwa mpigo. Ndiyo maana usiku ule kichwa kilikugonga.

Katika safari ya Lenana mtu huvumilia, hugusa kilele alfajiri, kisha huteremka siku hiyo hiyo na maumivu huisha. Kwenye Batian huna njia hiyo ya mkato. Utalala juu siku kadhaa, Austrian Hut ikiwa mita 4,790, na siku ya kilele utakuwa ukutani kuanzia alfajiri hadi jioni. Ubongo uliopungukiwa oksijeni hufanya makosa ya ajabu: mtu mwerevu hufunga fundo nusu, hudhani amejifunga kwenye nanga kumbe bado, au hujibu "tayari" kwa swali ambalo hakulisikia. Yale ya kushuka aliyoyaeleza Mkweaji na haya ninayoyasema ni jambo moja.

Kwa hiyo lala Old Moses siku mbili, lala Shipton's au bonde la Teleki siku mbili, fika Lenana kama sehemu ya kuuzoesha mwili, ndipo uufikirie ukuta. Maumivu ya kichwa yanayoambatana na kutapika ni sababu ya kutopanda zaidi. Mtu akianza kuyumba na kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kikigusa kidole, au akihema kwa shida hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini zungumza na daktari wako kabla ya kuitumia, na usiitumie ili kupanda haraka zaidi.

---

Mtembezi wa Sirimon anaandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeyasoma majibu haya mara mbili. Nimemwuliza yule mpangaji kuhusu ukuta wa kusini mwezi wa Agosti, naye amebadilisha kauli na kusema basi tutapanda upande wa kaskazini. Je, hilo linatatua jambo? Na swali la pili, ambalo mama yangu ndiye aliyeniuliza nikakosa jibu: mtu akivunjika mguu huko juu, anashushwaje?

---

Mkweaji wa Teleki anajibu:

Kwa habari ya msimu, ndiyo, Agosti ukuta wa kaskazini huwa mkavu. Njia ya kawaida ya huko, iliyofunguliwa na Arthur Firmin na mwenzake mwaka 1944, humpeleka mtu moja kwa moja hadi Batian bila kupitia Nelion, na mwamba wake ni mzuri sana kuushika, kwa kuwa vilele hivi ni kiini kigumu kilichoganda ndani ya koo la volkano na kubaki kimesimama baada ya miamba laini kumomonyoka. Lakini njia hiyo ni ndefu na ngumu kidogo kuliko ile ya Nelion, na wengi huishia kulala ukutani usiku mmoja, kwenye kijukwaa cha mwamba kisichotosha hata kujinyoosha, baridi ikishuka chini ya sifuri. Mpangaji anayekuhamisha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwa sentensi moja ya simu, bila kukuuliza unajua nini, mimi nisingemkabidhi kamba yangu.

Swali la mama ni zuri kuliko maswali yote yaliyoulizwa hapa, nami nitalijibu kwa tukio la kweli. Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian kwa upande wa kaskazini. Walipoanza kuteremka, jiwe alilolishika Judmaier lilibanduka, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya, mfupa ukatokeza nje. Mwenzake alimhifadhi kama alivyoweza, akashuka peke yake kutafuta msaada, kisha akapanda tena kukaa naye. Waokoaji wa hapa Kenya walifanya kazi usiku na mchana. Helikopta iliyopelekwa kusaidia ilianguka na rubani wake Jim Hastings akafa. Hatimaye kundi la waokoaji lilisafiri kwa ndege kutoka Innsbruck, Austria, likapanda na kumteremsha Judmaier akiwa hai, zaidi ya wiki moja baada ya kuanguka. Ni kweli kwamba siku hizi mawasiliano ni bora na kikosi cha uokoaji cha hifadhi kina watu hodari ninaowaheshimu sana, lakini kuta ni zile zile, ukungu ni ule ule, na helikopta katika hewa nyepesi kiasi kile bado hufanya kazi kwa shida. Mwambie mama kwamba mtu aliyeumia kwenye Batian hushushwa na binadamu wenzake, kwa kamba, polepole, na kwamba watu wa kwanza kumsaidia ni wale aliofungwa nao. Ndiyo sababu kila aliye kwenye kamba ile anapaswa kujua kazi.

Ushauri wangu ni huu: likizo ya Agosti itumie Lukenya na Hell's Gate, kisha panga Nelion peke yake, bila Batian, mwezi wa Januari au Februari. Mpangaji yeyote utakayempata, mwulize kamba moja itakuwa na watu wangapi, saa ngapi mtageuka hata kama kilele kinaonekana, nani atabeba kamba ya pili, na je, mnapanga kurudi siku hiyo hiyo au kulala katika kile kibanda kidogo cha bati ambacho Ian Howell alikijenga juu ya Nelion mwaka 1970. Anayejua kazi atakujibu kabla hujamaliza swali.

---

Mtembezi wa Sirimon anaandika tena:

Nimeelewa, na safari ya Agosti nimeiahirisha leo asubuhi. Mama amefurahi kuliko mimi. Dada Binti wa Nanyuki, ungeniambia nianze na nini Jumamosi ya kwanza?

---

Binti wa Nanyuki anajibu:

Usingoje Jumamosi, kaka. Nunua mita mbili za kamba nyembamba na glavu utakazopanda nazo. Kila jioni zima taa, vaa glavu, ufunge fundo la nane na fundo la kuzuia mwishoni mwa kamba, kisha washa taa uangalie. Mimi wiki ya kwanza nilikosea karibu nusu ya mafundo. Ukifika Lukenya, mwombe anayekufundisha akuache uteremke kwenye kamba fupi karibu na ardhi, mara kumi kabla hujakwea popote, na kila mara kabla ya kuegemea nyuma sema kwa sauti unachokiona: mkanda umefungwa, pete imefungwa, mwisho wa kamba una fundo. Utawasikia watu wakicheka pembeni. Endelea kusema.